Usitishwe na bei ya mvinyo, uliza ulimi wako

Baba mkwe alipofunga safari kutoka Voi mwaka uliopita kuja kututembelea hapa Nairobi, niliapa kwamba ningemkirimu kama anavyostahili mzee aliyenipa mke. Mzee huyu ni mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache, na maishani mwake alikuwa amezoea vinywaji viwili tu: chai ya maziwa na mnazi. Nilitaka aonje kitu ambacho hakuwahi kukionja.

Basi nikaingia supamaketi moja ya katikati ya jiji na kusimama mbele ya rafu ya mvinyo kama mwanafunzi aliyeingia chumba cha mtihani bila kalamu. Chupa zilikuwa zimepangwa kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa changu, nyingi zikiwa na majina nisiyoweza hata kuyatamka. Kwa kuwa sikujua lolote, nilichagua kwa njia ambayo wengi wetu huitumia, yaani niliangalia bei. Nikatoka na chupa ya mvinyo mwekundu wa Ufaransa ya shilingi 4,200, pesa ambazo, nisifiche, zilikuwa za kujaza mtungi wa gesi na kulipia ziara ya shule ya kifungua mimba wetu.

Mama watoto, ambaye alilelewa Pwani, alikuwa amepika samaki wa kupaka: samaki aliyechomwa juu ya makaa, kisha akapakwa tui zito lenye ukwaju, ndimu na pilipili. Mzee alimega samaki, akatafuna, halafu akapiga funda moja la mvinyo. Uso ukajikunja kama wa mtoto aliyepewa kwinini. Aliweka bilauri chini polepole, akanitazama, akauliza: "Mwanangu, hii imelala?"

Msomaji asiyejua mambo ya Pwani huenda asitambue uzito wa swali hilo. Mnazi uliogemwa asubuhi huwa mtamu kama maji ya sukari. Kufikia jioni huwa umechachuka, na ukilala hadi kesho yake unaelekea kuwa siki. Kwa hivyo mzee alikuwa akiniuliza, kwa upole, kama nilikuwa nimemletea siki. Kisha akaomba maji. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jikoni, aliniangalia kwa macho ambayo hadi leo ninayakumbuka.

Kisa hicho nilikisimulia kwa jirani yangu ambaye amekuwa mhudumu wa meza katika hoteli za jiji hili kwa miaka mingi. Alicheka hadi akajifuta machozi. "Ndugu yangu," akasema, "chupa haikuwa na kasoro, na sufuria ya shemeji haikuwa na kasoro. Ulichokosea ni ndoa uliyoifungisha."

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wake, na haya ninayokuletea ni mafunzo yake pamoja na yale niliyojifunza kwa kuonja na kusoma, nikitumia chupa zisizozidi shilingi 1,500.

Ulimi tayari unajua

Wengi hudhani kwamba kuonja mvinyo ni kipaji cha Wazungu wenye suti. La hasha. Yeyote aliyewahi kubagua chungwa tamu na chachu sokoni, au aliyesema chai hii imekolea mno, tayari ana chombo kinachohitajika. Kilichobaki ni kujua majina ya vitu ambavyo ulimi wake tayari unavitambua.

La kwanza ni ukakasi. Tafuna bibo la mkanju au ndizi mbichi, na utahisi ulimi na ufizi vikikauka na kukwaruza. Au onja chai ya rangi, ile vijana huiita strungi, iliyosahauliwa jikoni na majani yake. Kinachokwaruza huitwa tanini. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu, na humo ndimo tanini inamotoka. Mvinyo mweupe hukamuliwa na maganda yakatupwa, ndiyo maana huwa na ukakasi kidogo sana.

La pili ni uchachu. Mvinyo wenye uchachu mwingi hufanya mate yajae pembeni mwa ulimi, kama unapofikiria tu ukwaju au karakara. La tatu ni sukari. Mvinyo unaoitwa mkavu, ambao lebo yake ya Kiingereza huandikwa Dry, ni ule ambao sukari yake karibu yote imegeuka kuwa pombe. Ule wa Semi-sweet una sukari kiasi iliyobakizwa, na ule wa Sweet ni mtamu kabisa. Hatimaye kuna pombe yenyewe, ambayo utaihisi kama joto linaloteremka kooni, na uzito, ambao ni tofauti kama ile iliyopo kati ya maji na maziwa mdomoni.

Halafu kuna harufu, na hapa nakuomba ufanye jaribio dogo hata kama hujawahi na hutawahi kunywa tone la pombe. Ziba pua, tia kipande cha embe mdomoni, utafune. Utapata utamu na uchachu, lakini embe lenyewe hutalipata. Achilia pua, na embe litarudi ghafla. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni kazi ya pua. Kwa sababu hiyo waonjaji hujaza bilauri theluthi moja tu, wakaizungusha mvinyo upande ndani yake, kisha wakanusa kabla ya kunywa. Hata mgema hunusa kibuyu chake kabla ya kukuuzia.

Chupa zilizovishwa magazeti

Jioni moja tuliketi watu wazima sita sebuleni kwetu. Kila nyumba ilileta chupa moja, na mimi nikaongeza ile ya Ufaransa, aina ile ile iliyoniaibisha. Jirani alizifunga zote tano kwa magazeti makuukuu na kuziandika nambari. Tukaonja, kila mtu akiandika alama zake bila kuchungulia za mwenzake.

Shemeji yangu, ambaye aliwahi kuhudhuria kozi ya miezi mitatu ng'ambo na tangu hapo hukumbusha watu, alitangaza kwamba nambari tatu "bila shaka ni ya Ufaransa, inajieleza yenyewe." Tulipochana gazeti, nambari tatu ikawa mvinyo wa Afrika Kusini wenye kifuniko cha kuzungusha, chupa ya bei ya chini kuliko zote mezani. Ile yangu ya shilingi 4,200 ilikuwa ya nne. Shemeji alidai kwamba mafua yalikuwa yakimsumbua.

Hakuwa peke yake. Mwaka wa 2008 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya zaidi ya maonjo 6,000 ambapo watu hawakujua bei. Ilibainika kwamba watu wa kawaida hawakufurahia mvinyo wa ghali kuliko wa bei nafuu. Kwa hakika waliufurahia kidogo zaidi ule wa bei nafuu. Mwaka huo huo watafiti wengine wa California waliwapa watu mvinyo ule ule mara mbili, mara moja wakiambiwa ni wa dola 10 na mara nyingine dola 90. Walisema ule wa dola 90 ni mtamu zaidi, na picha za bongo zao zilionyesha kwamba hawakuwa wakidanganya. Bei yenyewe ilikuwa imewakolezea kinywaji.

Kwa nini basi chupa moja igharimu mara nne ya nyingine? Mara nyingi unalipia ardhi yenye jina, mapipa ya mti wa mwaloni ambayo ni ghali, miaka ya kuuweka mvinyo ghalani, na kioo kizito. Mvinyo wa bei nafuu huiva katika matangi ya chuma na kuuzwa ungali mchanga. Si kasoro hiyo, almuradi unywewe mapema.

Hata hivyo, usikimbilie chupa ya chini kabisa kwenye rafu. Ushuru wa bidhaa hapa Kenya hautazami thamani ya mvinyo, bali kiasi cha pombe iliyomo. Ukitoa ushuru huo, kioo, nauli ya meli na faida ya mwenye duka, mvinyo uliomo ndani ya chupa ya bei ya kutupa umebakiwa na senti chache mno. Ukiongeza shilingi mia mbili au tatu, sehemu kubwa zaidi inaweza kuingia kwenye mvinyo wenyewe. Ni hapo ndipo mwenye mfuko mwembamba hupata kitu cha maana.

Mbele ya rafu

Mvinyo mwingi wa bei nafuu katika maduka yetu hutoka Afrika Kusini, ambako zabibu zimekamuliwa tangu mwaka wa 1659. Majina mawili yanatosha kuanzia. Chenin Blanc ni zabibu nyeupe inayopandwa kwa wingi kuliko nyingine zote huko. Huzaa sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei yake kuwa nafuu. Hutoa mvinyo wenye harufu ya pera na tofaa na uchachu wa kutosha. Pinotage ni zabibu nyekundu iliyobuniwa huko huko Stellenbosch mwaka wa 1925, wakati Profesa Abraham Perold alipozalisha pamoja Pinot Noir na Cinsaut. Mvinyo wake mara nyingi huwa na harufu ya moshi kidogo, na kwetu sisi watu wa makaa hiyo si aibu.

Hapa jirani pia mizabibu ipo. Naivasha imekuwa ikitoa mvinyo, na huko Dodoma, Tanzania, ambako wamishonari walipanda mizabibu katika karne iliyopita, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Watanzania wengi huuita mvinyo divai, neno linalosemekana kutokana na Kifaransa cha wamishonari, ilhali mvinyo wetu ni neno la Wareno.

Tazama mwaka ulioandikwa kwenye lebo na uchague ule wa karibuni. Mvinyo wa bei nafuu hauna faida ya kuzeeka kabatini ukisubiri arusi ya binti yako. Usidharau kifuniko cha kuzungusha, kwani huzuia hewa vizuri na huhitaji kizibuo. Iache chupa iliyosimama dirishani mwa duka juani, au ambayo kizibo chake kimesukumwa nje, maana joto limeshaupika mvinyo huo. Ukifungua ukakuta harufu ya gazeti lililolowa, au ya siki, urudishe.

Isitoshe, angalia stempu ya ushuru ya KRA. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2000, zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi, wengi wao wakazi wa Mukuru, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Pombe ile haikuwa mvinyo, lakini tahadhari ni ile ile: kinywaji kisicho na stempu, au cha bei isiyoeleweka, si nafuu hata kidogo. Soma pia asilimia ya pombe. Mvinyo wa kawaida huwa na asilimia 11 hadi 14. Ukiona 17 au 18, hicho ni kinywaji kilichoongezwa pombe kali na hakinywewi kwa kipimo cha mvinyo.

Ndoa ya chupa na sufuria

Sasa turudi kwa samaki wangu. Mvinyo ule ulikuwa na tanini nyingi, na tanini hugombana na pilipili: ukakasi na pombe huwasha zaidi mahali palipokwisha kuwashwa. Tena mwaka wa 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye baadhi ya mivinyo, hasa myekundu, ndiyo yanayoamsha ile shombo mbaya inayobaki mdomoni baada ya kula samaki. Mzee alipata vyote viwili kwa funda moja.

Chakula cha tui lenye pilipili hutaka mvinyo mweupe uliopozwa, wenye uchachu wa kulingana na ukwaju na chembe ya sukari ya kutuliza moto. Chenin Blanc isiyo kavu kabisa hufaa sana. Kwa ngege wa kukaanga anayeliwa na ndimu na ugali, chukua mvinyo mweupe mkavu, Sauvignon Blanc kwa mfano, kwa sababu uchachu wake hukata mafuta kama ndimu yenyewe. Omena nimeijaribu mara tatu, na kwa maoni yangu inataka maji ya matunda tu.

Nyama choma ndiyo mahali mvinyo mwekundu unapofika nyumbani. Mafuta na protini za nyama huikamata tanini, na chumvi huulainisha mvinyo, hata kile kilichokuwa kikikwaruza mdomo kikawa laini. Mbavu za mbuzi na Pinotage, au Shiraz, ni karamu ya Jumapili isiyohitaji maelezo. Tatizo ni kachumbari. Ikiwa umeikamulia ndimu nyingi na kuitia pilipili za kichaa, mvinyo utaonekana umepooza. Mimi siku hizi hutenga bakuli mbili, moja ya wanaokunywa soda na nyingine isiyo na pilipili.

Pilau ilinisumbua zaidi. Bizari, mdalasini na karafuu hupenda mvinyo wenye matunda mengi na ukakasi mdogo. Tulijaribu Cabernet kavu, ikafanya karafuu zionje kama dawa ya meno. Tukajaribu mvinyo wa waridi, ule wa rangi ya juisi ya tikiti, ukiwa baridi, na sahani zikarudi jikoni zikiwa safi. Kuku wa kienyeji wa mchuzi hana ugomvi na Merlot laini wala na Chenin. Githeri na mukimo vivyo hivyo, chukua mwekundu mwepesi. Keki na mandazi ni jambo jingine: mvinyo mkavu ukifuata kitu kitamu huwa mchungu, kwa hivyo kinywaji lazima kiwe kitamu kuliko keki, au mnywe chai.

Kuhusu baridi, vitabu husema mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba. Chumba hicho ni cha Ulaya ya kale, ambako nyumba zilikuwa baridi, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Chumba cha Nairobi mwezi wa Februari hupita hapo, na cha Mombasa usikitaje. Weka mwekundu katika friji dakika 20 au 30 kabla ya chakula, na mweupe saa mbili. Asiye na friji atie chupa kwenye ndoo ya maji yenye barafu na konzi ya chumvi. Robo saa yatosha.

Chupa ni bilauri tano

Chupa ya mililita 750 hutoa bilauri tano za mililita 150. Bilauri moja ya mvinyo wa asilimia 13 ina pombe inayokaribia ile ya chupa ya bia ya nusu lita. Kwa hivyo anayemaliza chupa ya mvinyo peke yake akisema ni juisi ya zabibu amekunywa bia tano kasoro kidogo, na hafai kushika usukani. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka wa 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Mama mjamzito asionje kabisa, na wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mjue kwamba sheria ya mwaka wa 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18.

Jingine ambalo wenyeji wengi hawalijui: mvinyo uliotiwa kwenye mchuzi hauishi pombe yake yote kwa kuchemka. Vipimo vya serikali ya Marekani vinaonyesha kwamba baada ya dakika 30 jikoni, takriban asilimia 35 ya pombe ingali humo, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki asilimia 5. Ukiwa na mgeni Mwislamu, au mlokole, au mtu aliyeacha pombe kwa taabu, mwambie au, afadhali zaidi, mpikie sufuria yake.

Mwezi wa Desemba baba mkwe alirudi. Mke wangu alipika samaki wa kupaka, kwa makusudi nadhani. Nilitoa frijini chupa ya Chenin Blanc ya shilingi 1,150, nikammiminia mzee theluthi ya bilauri na kuweka jagi la maji kando yake, ikiwa ataamua kutoonja tena. Alinusa kwanza, kama anavyonusa mnazi. Akala samaki, akanywa, akanyamaza. Akala tena, akanywa tena.

"Huu ni wa asubuhi," akasema.

Aligeuza chupa kutafuta mwaka, akaniuliza bei yake nami nikamtajia. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha, kwa utaratibu wa mtu aliyehesabu tiketi za reli miaka thelathini, akauliza: "Na ile ya siku ile, mwanangu, ilikuwa ya pesa ngapi?"

Mama watoto alishindwa kujizuia, akaangua kicheko. Mimi niliinuka nikasema ninakwenda kuleta barafu.